Mashine ya ovakloki imegoma kuwaka: uanzie BIOS, mifupa, umeme au kwa fundi?

Saa moja asubuhi simu ililia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayehariri video za harusi. "Yaya, mashini ilikufa. Iko inawaka, inazima, inawaka, inazima."

"Inazima kisha sekunde ngapi?"

Kimya. Hakuwa amehesabu. Alichokuwa nacho ni mipango minne: kutoa kibetri cha ndani kama alivyoona kwenye video, kufungua kila kitu na kukijaribu kimoja kimoja, kubadilisha kisanduku cha umeme kwa sababu usiku umeme ulikatika mara mbili, au kubeba mashine nzima hadi kwa fundi pale karibu na soko la Kenya, ile komuni ya hapa mjini. Mipango yote minne ina akili ndani yake. Kosa lake lilikuwa kutaka kuitekeleza yote kabla ya saa sita mchana.

Mwezi mmoja kabla, alikuwa ameipandisha mashine hiyo: prosesa, ubongo wa mashine, kutoka GHz 4.7 hadi 5.0, na RAM yake ya DDR4, kumbukumbu ya muda, akaiwekea mwendo wa 3600. Hiyo ndiyo ovakloki, yaani kuilazimisha mashine ikimbie kuliko ilivyopangiwa na kiwanda. Wengi hawajui kwamba hata kuwasha XMP au EXPO, ile mipangilio iliyoandikwa tayari ndani ya RAM, ni ovakloki vilevile. Kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa na washukiwa wawili, mwendo aliouongeza na umeme wa Lubumbashi. Mtu wa mji ambao umeme wake hautikisiki angemshuku mmoja tu. Sisi hapa hatuna anasa hiyo.

Tupime kwa vigezo gani

Kabla ya kuchagua njia, jiulize mambo manne, na hayo manne ndiyo nitakayotumia kwa kila njia hapa chini. Inachukua muda gani na inataka vitu gani? Ukikosea, utaharibu nini? Ikifanikiwa, itakuambia chanzo au itakuponya tu bila maelezo? Na inamfaa mtu wa namna gani?

Kigezo cha tatu watu wanakirukaruka, nami nakipa uzito kuliko vingine. Mashine iliyopona bila kujulikana iliumwa nini itarudia siku ambayo mteja amekaa sebuleni anasubiri.

Hesabu sekunde kwanza

Hili halina gharama, na linakuja kabla ya njia yoyote. Bonyeza kitufe, uangalie.

Hakuna taa, hakuna feni, hakuna kitu: acha kuilaumu ovakloki. Ni nadra mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kuzuia feni isitikisike hata kidogo. Hapo ni umeme, kitufe, waya au ubao wenyewe, ule mkuu unaobeba vifaa vyote.

Feni inatikisika chini ya sekunde moja, kisha inanyamaza: mara nyingi kuna shoti mahali, na kisanduku cha umeme kinajilinda. Skrubu iliyodondoka nyuma ya ubao inatosha.

Inawaka sekunde chache, inazima, inawaka tena yenyewe, mzunguko usioisha: hapo ovakloki iko mbele kabisa kwenye orodha, na hasa RAM. Ubao unajaribu kuelewana na RAM kwa mwendo uliouomba, unashindwa, unaanza upya.

Feni zinazunguka vizuri lakini skrini ni nyeusi: tazama taa ndogo za ubao. Bao nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuanzia). Ile inayobaki inawaka inakuonyesha ubao umekwama wapi. Ila tahadhari moja: mashine yenye DDR5 inapowashwa mara ya kwanza, au baada ya kubadilishiwa mipangilio, inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikiipima RAM. Nimeona watu wakiizima dakika ya kwanza, mara tano mfululizo, kisha wakaitangaza maiti. Ipe robo saa.

Nembo inatokea, Windows inaanza, kisha skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT: mara nyingi prosesa inakimbizwa kwa volti zisizoitosha. Hapo hata bisibisi huhitaji. Ingia BIOS, shusha mwendo, basi.

Mdogo wangu alirudi kuhesabu. Sekunde nne, kila mara. Taa ya DRAM.

Njia ya kwanza: kuisahaulisha BIOS

Ni kufuta mipangilio yote uliyoweka ili ubao uamke kama siku uliyotoka kiwandani. Kwa mashine iliyokuwa imepandishwa, hapa ndipo wengi huanzia, na sikatai.

*Muda na vitu.* Dakika kumi hadi ishirini, na bisibisi. Zima swichi ya nyuma, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishike nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au jina linalofanana, uziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi. Ukizikosa, toa kibetri cha mviringo, CR2032 cha volti 3, usubiri dakika kumi, ukirudishe. Kama mashine ina miaka mingi, weka kipya kabisa. Ndicho kibetri kilekile cha rimoti za magari, hukikosi mjini. Bao ghali zina kitufe cha kazi hii nyuma, na bao nyingine hujirudisha zenyewe zikishindwa kuwaka mara kadhaa, kwa hiyo jaribu kuzipa nafasi hiyo kabla hujafungua.

*Hatari.* Kwa vifaa ni ndogo, mradi waya umechomolewa kweli. Hatari iko kwenye mipangilio inayopotea. Tarehe inarudi nyuma miaka, na tarehe ikiwa mbovu kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka, mtu anadhani na intaneti imekufa. Kama diski zilikuwa zimewekwa kwa RAID au VMD, namna maalumu za kuziunganisha, Windows itaanguka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE mpaka urudishe mpangilio ule. Kama umewasha BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, huenda ukaombwa ufunguo mrefu wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, faili zako utazitazama kwa nje tu. Piga picha za kurasa za BIOS kwa simu siku mashine ikiwa nzima. Hakuna anayefanya hivyo, najua. Hata mimi nilianza baada ya kuumia.

*Inachokuambia.* Nusu ya habari. Ikiwaka, umejua kwamba mwendo uliokuwa umewekwa ulihusika, lakini hujui ulikuwa wa prosesa au wa RAM, wala kwa nini uliostahimili mwezi mzima umeshindwa leo. Ili upate nusu ya pili, rudisha kitu kimoja kwa siku. Washa XMP peke yake, fanya kazi siku nzima. Kesho ongeza kizidisho cha prosesa hatua moja. Kizidisho cha 50 kwenye saa ya msingi ya MHz 100 ndiyo GHz 5.0, na 49 ni 4.9. Andika kwenye daftari. Atakayerudisha vyote kwa pamoja atarudi pale alipoanza, na safari hii akiwa na hasira.

Na hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa ovakloki hawapendi kusikia. Kutoka 4.7 hadi 5.0 ni nyongeza ya kama asilimia 6. Tuseme ili ufike huko umepandisha volti kutoka 1.25 hadi 1.38. Umeme ambao prosesa inaula hufuata mwendo ukizidishwa kwa mraba wa volti, na ukipiga hesabu hiyo unapata karibu asilimia 30 zaidi. Asilimia 6 mbele, asilimia 30 kwenye joto na kwenye kisanduku cha umeme. Kwa mchezo wa jioni, sawa, ni starehe yako. Kwa kazi ya usiku kucha mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, chumba chenye bati juu kikiwa kama tanuri, mimi ningefikiri mara mbili.

*Inamfaa nani.* Aliyebadilisha mipangilio siku za karibuni, ambaye mashine yake inafika walau kuzungusha feni, na mwenye haraka. Haimfai ambaye mashine yake haionyeshi hata taa.

Njia ya pili: kuivua hadi mifupa

Unatoa kila kisicho cha lazima, unabakiza ubao, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM na kisanduku cha umeme. Ikiwaka hivyo, unarudisha kimoja kimoja mpaka ikatae.

*Muda na vitu.* Nusu siku, tena ukiwa mtulivu. Bisibisi, meza, boksi la karatasi ngumu la kuwekea ubao nje ya kasha, na sahani ya skrubu. Kadi ya picha ing'oe tu kama prosesa yako ina picha ndani yake. Prosesa za Intel zinazoishia na F hazina, Ryzen 5000 zisizo na G hazina, ilhali Ryzen 7000 nyingi zinazo. Ukisahau hili utakaa mbele ya skrini nyeusi ukiilaumu RAM isiyo na hatia. Kipande kimoja cha RAM, kwenye bao nyingi zenye nafasi nne, huwekwa nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa.

*Hatari.* Hii ndiyo njia ambayo mkono unaweza kuua kilichokuwa kizima. Pini za soketi ya Intel na za AM5, soketi mpya ya AMD, ni nyembamba kuliko unywele, na zikipinda kazi imekuwa nyingine. Kwenye AM4, soketi ya AMD iliyotangulia, pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na grisi iliyo kati yake na feni ikishakauka prosesa hung'oka pamoja na feni. Iwashe kwanza ipate joto kama inaweza, kisha izungushe feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Kisha kuna jambo la hapa kwetu: kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu, nguo ya sufi inatoa cheche ukiivua gizani. Cheche hiyo hiyo RAM haiipendi. Gusa chuma cha kasha kila mara kabla ya kushika kifaa. Na ule mfuko wa kijivu uliokuja na ubao usiutumie kama kitanda cha kuwashia, upande wake wa nje unapitisha umeme.

*Inachokuambia.* Mengi kuliko njia nyingine yoyote unayoweza kufanya nyumbani. Utajua kwamba ni kipande hiki cha RAM, katika nafasi hii, au kwamba ni diski, au kwamba kulikuwa na skrubu chini ya ubao. Utakuta pia vumbi. Lile vumbi letu jekundu la kiangazi likishajaa kati ya mapezi ya kipoza joto, prosesa iliyokuwa imara Februari inapiga mweleka Agosti bila wewe kubadilisha hata tarakimu moja. Mara nyingine kuisafisha tu kwa brashi laini ndiyo dawa yenyewe, ukatoka bila kujua ulichoponya. Vizuri ulipofungua.

Ila ina upofu wake. Ukiivua mashine, unapunguza pia mzigo wa umeme. Kisanduku kilichochoka kitaibeba mifupa bila shida, wewe utahukumu kadi ya picha, ukanunue nyingine, na tatizo likufuate nyumbani.

*Inamfaa nani.* Aliyewahi kuunda mashine yake mwenyewe, mwenye Jumamosi nzima, na hasa aliye na rafiki wa kumwazima RAM. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, anayeshiriki chumba na wenzake wawili wenye mashine amebarikiwa. Aliyeinunua imeshaundwa na hajawahi kugusa ndani asianzie hapa.

Njia ya tatu: kuanza na umeme

Hii ndiyo njia ninayoona inadharauliwa, na hapa nitakaa kidogo.

Mashine yangu mwenyewe, mwaka mmoja mwezi wa Juni, ilianza kunigomea asubuhi. Baridi ile ya alfajiri ambayo watoto wanaenda shule na makoti. Bonyeza, inazima. Bonyeza, inazima. Mara ya tatu inawaka, na siku nzima haina neno. Nikashusha ovakloki, haikusaidia. Nikaifuta BIOS, haikusaidia. Nikashuku RAM, nikaazima nyingine, vilevile. Mchana ukiwa na joto inawaka mara ya kwanza, na hilo ndilo lililopaswa kunifungua macho mapema. Vikapasita vya majimaji, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, vikizeeka ndani ya kisanduku cha umeme vinafanya kazi vibaya zaidi vikiwa na baridi. Vikipata joto kidogo vinakumbuka kazi yao. Nilibadilisha kisanduku, mgomo ukaisha, nikarudisha ovakloki yangu ileile. Wiki mbili nilikuwa nikimwadhibu asiyehusika.

*Muda na vitu.* Kukagua ni saa moja, na unahitaji multimita, kile kipimo cha volti. Kubadilisha ni pesa. Kisanduku cha umeme, ambacho mafundi wetu wanakiita alimantasio, kinageuza umeme wa volti 220 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Waya wa manjano ukipimwa na mweusi unatakiwa utoe kati ya 11.4 na 12.6. Pima mashine ikiwa kazini. Isipokuwa na mzigo hata kisanduku kibovu kinatoa tarakimu nzuri.

Kisha soma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Usisome ile tarakimu kubwa, soma mstari wa 12V. Nimeshika kisanduku kilichojiita cha wati 500, na mstari wa 12V umeandikwa ampea 20. Zidisha mwenyewe: wati 240. Prosesa na kadi ya picha karibu zote zinakula kutoka kwenye mstari huo. Hiyo 500 ni jina la ubatizo. Vingine vya zamani vina swichi nyekundu ya 115 na 230. Hapa ni 230, na ukikosea utasikia mlio mmoja tu.

Halafu rudi ukutani. Kisanduku kizuri kinaweza kuvumilia kukosa umeme kwa kama milisekunde 17, na wimbi moja la umeme wetu wa Hz 50 ni milisekunde 20. Kwa hiyo taa ikipepesa hata kidogo tu, mashine iko ukingoni. Mashine iliyopandishwa inakula zaidi, inafika ukingoni mapema zaidi. Zile stabilizatere za bei nafuu zinazolia klak, klak usiku kucha, kila klak ni kipande cha muda kisicho na umeme. Ondilere, yaani UPS, nazo hazilingani: zile zinazotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini huzozana na visanduku vya kisasa, mashine inazima palepale umeme unapohamia kwenye betri, mtu anadhani betri ni mbovu. Na ile multiprizi iliyobeba pasi, friji na kompyuta, nitoe maoni yangu hapa pia? Chomeka mashine moja kwa moja ukutani ujaribu mara moja. Nimeziona mashine mbili zikifufuka hivyo.

*Hatari.* Kukagua kwa nje ni salama. Kufungua kisanduku chenyewe, hapana. Ndani kuna vikapasita vinavyobaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Hilo si jambo la kujaribu kwa sababu binamu yako alijaribu akapona.

*Inachokuambia.* Ukipima, unapata jibu la tarakimu, si la kubahatisha. Ukinunua kisanduku kipya bila kupima, umecheza bahati nasibu, ingawa walau zawadi ya faraja ni kisanduku kizuri ambacho utahamia nacho kwenye mashine ijayo. Beji ya 80 Plus inasema ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kuwa joto. Haikuambii kifaa kitadumu miaka mingapi.

*Inamfaa nani.* Ambaye mashine ilikufa mara tu baada ya umeme kukatika au kurudi kwa nguvu, ambaye yake inagoma asubuhi za baridi tu, ambaye inazima chini ya kazi nzito bila skrini ya bluu, na yeyote ambaye kisanduku chake kilikuja bure na kasha. Anayeishi kwa grupu, yaani jenereta, kuanzia saa kumi na mbili jioni namweka hapa pia.

Njia ya nne: kwa fundi

*Muda na vitu.* Siku moja hadi wiki, kutegemea kama kifaa cha kubadilisha kiko mjini au kinasubiriwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Pesa zinategemea mapatano, kwa hiyo patana kabla mashine haijafunguliwa: kuchunguza ni kiasi gani, na kutengeneza ni kiasi gani. Ni vitu viwili.

*Hatari.* Faili zako zinatoka nyumbani. Toa diski ubaki nayo. Kuijua sababu ya mashine kutowaka hakuhitaji video za harusi ya watu. Piga picha za vibandiko vya RAM na kadi, zenye namba zao. Simtuhumu mtu, ila kwenye meza yenye mashine kumi na mbili hata mtu mwaminifu anachanganya.

*Inachokuambia.* Inategemea kabisa fundi. Mzuri ana kitu ambacho wewe huna, nacho ni vifaa vizima vya kubadilishia. Kwake kujua kama kisanduku ni kibovu ni dakika tano. Ana pia kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS iliyoharibika, kazi ambayo nyumbani huiwezi isipokuwa ubao wako una njia ya kuandikiwa kwa USB bila prosesa. Asiye mzuri atakurudishia mashine akisema "iko bien, papa," bila neno la ziada. Mwambie ukweli kwamba uliipandisha, na kwa tarakimu. Wengi wanaficha kama wagonjwa wanaomficha daktari pombe, kisha fundi anapoteza siku mbili.

*Inamfaa nani.* Asiye na mashine ya pili wala muda, ambaye kifaa kimetoa harufu ya kuungua, na ambaye ubao wake una kapasita kilichovimba kichwa.

Mshukiwa ambaye hayumo kwenye njia hizo

Kama una prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 13 au 14 ya zile zenye nguvu, kuna jambo la kujua. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba sehemu ya prosesa hizo zilikuwa zikidai volti za juu kupita kiasi na kuchakaa, hata kwa watu ambao hawakuzipandisha kabisa. Ilitoa maandishi madogo ya kurekebisha (microcode), 0x129 Agosti mwaka huo na 0x12B Septemba, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo huingia kwa kuandika BIOS mpya, nayo hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Na BIOS usiiandike saa ambazo umeme huwa unakatika. Subiri, au tumia ondilere yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, utajikuta njia ya nne bila kuichagua.

Kulingana na hali yako

Umebadilisha mipangilio wiki hii na feni zinazunguka: isahaulishe BIOS, kisha rudisha kimoja kwa siku.

Hujabadilisha chochote kwa miezi, na ghafla imegoma: anza na umeme, fuata vumbi. Ovakloki ije ya tatu.

Inagoma asubuhi za Juni na Julai tu: kisanduku cha umeme. Kibetri cha CR2032 kikague pia kwa kuwa ni rahisi, ila usikitegemee.

Hakuna taa wala sauti: ukutani, multiprizi, swichi ya nyuma, kitufe cha kasha, kwa mpangilio huo. Kisha multimita au fundi.

Inafika Windows na kuanguka: usifungue kasha. Shusha kizidisho hatua mbili, acha volti palepale, pima usiku mmoja. Ikitulia, umepata mpaka wa prosesa yako. Isipotulia, rudisha RAM kwenye mwendo wake wa msingi, 2133 kwa DDR4 nyingi au 4800 kwa DDR5, uijaribu kwa MemTest86, programu ya kupimia RAM.

Una kazi ya mteja kesho: ondoa ovakloki yote, maliza kazi, chunguza baadaye. Kama hata hivyo haiwaki, toa diski, iweke kwenye mashine ya jirani, malizia huko.

Mdogo wangu alikuwa kwenye hali mbili kwa pamoja, umeme ulikatika na mwendo ulikuwa juu, lakini sekunde nne na taa ya DRAM zilituchagulia. Tuliisahaulisha BIOS kwa simu, yeye akigusa pini, mimi nikimwuliza kila dakika kama kweli waya umechomolewa. Iliwaka kwa 2133. Siku ya pili akaiwekea 3200, ikakubali. Kwa 3600 ikarudi kuzima kwenye sekunde ya nne, wakati mwezi mzima ilikuwa imeistahimili. Nilimwambia apime mstari wa 12V kabla ya kuijaribu tena. Hadi leo hajapata multimita ya kuazima, harusi ya Jumamosi ameshaikabidhi, na bado anaandika kunipigia hesabu ya dakika ngapi angeokoa kwa 3600.